Gari Kuukuu na Breki Zake

Ndugu mkulima, leo tuzungumze juu ya ile pikapu kuukuu inayoshusha viazi kutoka Umalila hadi Iyunga. Vipuri ni ghali, sote twajua. Bushi za springi zikilika, mwambie fundi akuchongee za mpira wa tairi, mpira ule ule wa katambuga. Gari litagonga-gonga kidogo, lakini litakufikisha. Gasketi ya pampu ya maji nayo hukatwa katika karatasi ngumu, ikapakwa grisi. Hayo ruksa.

Lakini kwenye breki, hapana! Wako wanaotia maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki. Sasa fikiri: unateremka na magunia nyuma, breki zimepata moto. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na huku kwetu milimani hata kabla ya hapo. Mafuta ya breki ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205. Maji yakigeuka mvuke, unakanyaga pedali nayo inazama tu. Oili ya injini je? Hiyo huvimbisha raba za silinda, breki zikang'ang'ania. Wala usizioshe raba hizo kwa petroli.

Kama msimu huu una fedha ya kitu kimoja, nunua mafuta ya breki na raba mpya. Bushi zingoje mavuno.