Kistari Kidogo, Maana Kubwa

Wekeni madaftari tayari, tuanze somo letu.

Leo tutajifunza habari za kistari, yaani kile kijiti kifupi kinacholazwa kati ya sehemu mbili za neno. Usikidharau kwa udogo wake. Katika Kiingereza, kistari kimoja chaweza kukubakiza kazini au kukutoa.

Tazama mfano wa kwanza. Neno "resign", bila kistari, maana yake ni kuacha kazi. Tia kistari baada ya herufi ya pili, liwe "re-sign": sasa maana yake ni kutia sahihi tena. Mfanyakazi wa mgodini anayetaka kuendelea na mkataba, akiandika neno la kwanza mahali pa la pili, ameaga kazi kwa mkono wake mwenyewe. Basi ukiletewa karatasi yenye neno hilo, lisome mara mbili kabla hujatia sahihi.

Mfano wa pili ni wa dhahabu. Huko Geita, ambako soko la dhahabu lilifunguliwa mwaka 2019, dhahabu hupimwa kwa gramu. Karani akiandika "twenty five-gram pieces", amesema vipande 20, kila kimoja gramu 5. Jumla ni gramu 100. Akiandika "twenty-five-gram pieces", amesema vipande vya gramu 25 kila kimoja, wala hakutaja ni vingapi. Maneno ni yale yale. Kilichoongezeka ni kistari tu. Kwa hiyo, kwenye stakabadhi, taka hesabu iandikwe kwa tarakimu pia.

Sasa shikeni kanuni hii. Kwa Kiingereza, hesabu za maneno mawili kutoka 21 hadi 99 huungwa kwa kistari: "twenty-one", "ninety-nine". Lakini "twenty" peke yake haina kistari, wala "two hundred".

Na katika Kiswahili je? Neno lisipoenea mwisho wa mstari, likate penye silabi, ukitia kistari: Shi-nya-nga, dha-ha-bu. Usitenganishe d na h, wala n na y, kwa maana hapo herufi mbili ni sauti moja.

Zoezi: andika kwa maneno ya Kiingereza 45, 30 na 78. Kisha kata silabi za neno "machimbo". Mpe jirani yako asahihishe, nawe usahihishe yake.