Kodi ya Majengo Ipande kwa Ngazi



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu hapa Nyalikungu, twapenda kunena juu ya kodi ya majengo. Tangu mwaka 2021 kodi hii hukatwa tunaponunua umeme. Mwaka 2023 ilipandishwa kwa mara moja, jengo la kawaida kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka.

Kodi hatuikatai, kwani ni wajibu wa raia. Lakini pamba huuzwa msimu mmoja tu, na mita haingoji msimu. Basi, maghala na maduka yetu yatakapokadiriwa thamani upya, twaomba nyongeza igawanywe kwa miaka mitatu, nayo itangazwe kabla ya mauzo. Nasi tuweke akiba mapema. Mzigo uliogawanywa hubebeka.