Kulabu za Kuvutia Magogo na Mikono Yetu

(Hotuba ya Kamati ya Usalama mbele ya mkutano wa wanachama wa kazi za misitu na viwanda vya mbao. Tunaichapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Katika mikutano yetu tumezoea kusema habari za mshahara, nyumba na likizo, na mambo hayo ni haki yetu kuyasema. Lakini leo twaomba kusema juu ya kipande cha chuma kinachoshikika kwa mkono mmoja, yaani kulabu ya kufungia gogo.

Jambo hili tumelileta kwa sababu ya ndugu yetu mmoja ambaye wengi hapa mnamjua. Mwaka uliopita alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Kulabu aliyopewa ilikuwa kuukuu na mdomo wake ulikuwa umepanuka, hata waya ukilegea kidogo hufunguka yenyewe. Kwa hivyo ilimbidi kuishika kwa vidole mpaka waya ukaze. Siku hiyo waya ulikaza upesi kuliko mkono wake. Walipofika wa kuandika habari ya ajali wakauliza kama alikuwa amevaa glavu. Alikuwa amevaa. Hakuna aliyeuliza juu ya kulabu. Jina la kampuni hatulitaji, maana shauri la fidia bado halijaisha.

Kamati yenu ilikaa ikajiuliza: je, kulabu njema ni ya namna gani? Leo tumeleta majibu yetu.

Kwanza tuwaeleze wale wasiofanya kazi hii. Mti ukiisha kukatwa na kutolewa matawi, gogo hulala pale lilipoanguka, pengine bondeni ambako lori haliwezi kufika. Mfungaji hupitisha chini ya gogo kipande cha kamba ya waya. Ncha moja ya waya huo ina kitanzi cha kushikwa na waya mkubwa wa winchi au wa trekta. Ncha ya pili ina kirungu cha chuma kilichobanwa imara. Katikati ipo kulabu ambayo huteleza juu ya waya huo huo. Mfungaji hutia kirungu katika mdomo wa kulabu, nacho hukaa katika kikombe chake. Winchi ikivuta, waya hulikaba gogo, na kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kukaba. Chombo chenyewe ni hicho tu. Lakini mtu hukifunga mara nyingi kwa siku, katika matope na mvua, na kila mara mkono wake u karibu na mdomo ule.

Kamba ya waya haikuanzia msituni. Mwaka 1834 Wilhelm Albert, mkubwa wa migodi huko Clausthal katika Ujerumani, alisokota nyuzi za chuma kuwa kamba, kwa kuwa minyororo ya migodini ilikuwa ikikatika. Katika mnyororo pete moja mbovu ikikatika, mzigo wote huanguka, wala pete haitoi habari kabla. Waya wenye nyuzi nyingi hukatika uzi mmoja mmoja, na mwenye macho huona mapema. Tafadhali likumbukeni neno hili, maana tutalirudia: chombo chema humwonya mtu kabla ya kumwangusha.

Katika misitu ya magharibi ya Marekani magogo makubwa yalikuwa yakivutwa na maksai. Mwaka 1882 John Dolbeer wa Eureka, California, alipata hati ya Serikali kwa winchi yake ya mvuke. Baadaye katika Washington, Oregon na British Columbia, watu walitundika kapi juu ya mti mrefu uliokatwa kilele, ili gogo livutwe kichwa chake kikiwa juu na kazi iende mbio. Maksai akichoka husimama, lakini mashine haichoki, na mbio zote zile zilimwangukia mfungaji. Wakata miti wa huko waligoma mwaka 1917 wakidai siku ya saa nane, na mwaka 1918 wakaipata. Mashine ilibadilika kwa fedha za matajiri, lakini masharti ya kazi hayakubadilika mpaka wafanya kazi walipoyadai.

Sasa tuje kwenye kulabu yenyewe. Tumeona mambo matano.

La kwanza ni nguvu. Watu wengi hudhani kulabu hupimwa kwa uzito wa gogo. Sivyo. Gogo bichi lenye upana wa nusu mita na urefu wa mita 5 lina uzito karibu na tani moja. Lakini pua ya gogo hilo ikigonga kisiki, gogo husimama, na winchi huendelea kuvuta kwa nguvu zake zote. Ikiwa winchi ina nguvu za tani 10, basi kulabu imepata tani 10, na dereva akivuta kwa kushtua hupata zaidi. Kulabu haijui uzito wa gogo. Inajua nguvu za winchi. Kwa hivyo mtu akituambia, "Magogo yetu ni madogo, kulabu hii yatosha," tumwulize winchi yake ina nguvu gani.

Tena, yafaa ijulikane ni kitu gani kitakatika kwanza. Desturi ya wakata miti wa Marekani ni kwamba waya wa kukabia gogo uwe mwembamba kuliko waya mkubwa wa winchi, ili likitokea la kutokea ukatike ule mfupi ulio karibu na gogo, usikatike ule mrefu. Waya mrefu uliokazwa ukikatika hupiga kama mjeledi, nao haumchagui dereva wala mfungaji.

La pili ni mviringo wa mahali pa kukalia waya. Waya ukipindwa kuzunguka chuma chenye unene sawa na waya wenyewe, hubakiwa na nusu tu hivi ya nguvu zake. Waya mpya wa inchi 3/4, wa aina nzuri, hukatika kwa mvuto wa tani 25 hivi. Upinde katika kulabu nyembamba yenye kona kali, nao hautafika tani 13. Tajiri amenunua waya wa tani 25, lakini kulabu yake imemnyang'anya nusu. Kwa hivyo mgongo wa ndani wa kulabu uwe mnene na wa mviringo, na usiwe na kona hata moja.

La tatu ni mdomo, na hapa ndipo vidole vyetu vilipo. Kirungu kiingie kwa mkono mmoja, na kikiisha kuingia kikae bila kushikwa, hata waya ukilegea na gogo likibingirika. Njia ya kutokea isielekee upande wa mvuto. Mvuto ukisindikie kirungu ndani ya kikombe, na mtu akitaka kukitoa ilazimu kwanza alegeze waya, kisha akigeuze kwa makusudi. Kulabu ambayo yataka kushikwa mpaka waya ukaze si kulabu, ni mtego. Ndugu yetu hakukosea kufunga. Alikuwa akifanya kwa vidole kazi ambayo ilipasa kufanywa na chuma.

La nne ni chuma chenyewe. Chuma kigumu sana hakiliki upesi, lakini hupasuka ghafula kama chungu. Chuma laini hupinda mapema na mdomo wake hupanuka. Wanaotengeneza kulabu njema hutumia chuma cha pua kilichopikwa na kupozwa kwa kipimo, ili kiwe kigumu usoni mwa kazi lakini kiwe na ustahimilivu, na kikizidiwa kipinde kabla hakijavunjika. Hilo ndilo onyo tulilolisema juu ya waya. Na ndiyo sababu kulabu iliyopasuka haifai kuchomelewa gereji, wala iliyopinda haifai kutiwa motoni na kunyoshwa kwa nyundo. Moto wa gereji huharibu mapishi ya kiwandani. Kwa macho yaonekana nzima, lakini ndani si chuma kile kilichonunuliwa.

La tano ni uzito na umbo. Kulabu nzito ina nguvu, lakini anayeipandisha mlimani kutwa nzima ni mtu, na mtu aliyechoka huteleza. Kulabu yenye pembe na vichwa vya boliti hushika visiki na mizizi, na haipiti chini ya gogo mpaka mtu alale chini achimbe kwa mikono. Kwa hivyo iwe nyororo nje, nyembamba ya kutosha kupita chini, na ipigwe chapa ya unene wa waya wake. Kirungu cha waya mdogo kikitiwa katika kulabu ya waya mkubwa, chaweza kuponyoka wakati wowote.

Ndugu, mtaona kwamba mambo haya yavutana. Ukiongeza nguvu waongeza uzito. Ukikaza mdomo wazidisha kazi ya kufungua. Injinia hukaa mezani akatafuta mahali pa kati. Lakini meza haina matope. Mahali pale pa kati hapajulikani vizuri ila kwa yule anayefunga gogo alasiri, mkono umelowa, dereva anapiga honi. Yeye ndiye anayejua kidole kiko wapi wakati waya unapokaza. Basi yeye aulizwe kabla kulabu haijanunuliwa, asiulizwe baada ya ajali.

Sasa juu ya ukaguzi. Kanuni za Serikali ya Marekani kwa kombeo za waya za kuinulia mizigo zasema kulabu iondolewe kazini kama mdomo wake umepanuka kupita asilimia 15, au kama imejipinda kupita digrii 10. Juu ya waya zasema uondolewe kama nyuzi 10 zimekatika hapa na pale katika mzunguko mmoja wa msokoto, au nyuzi 5 katika kamba ndogo moja ya msokoto huo. Kanuni hizo ni za kuinulia, si za kuvutia magogo, lakini ni mahali pa kuanzia, na kwetu kipimo chaweza kuwa kikali zaidi. Asiye injinia aweza kuzitumia. Ikiwa mdomo wa kulabu mpya ni milimita 40, katuni kipande cha chuma bapa chenye upana wa milimita 46. Kila asubuhi kijaribuni mdomoni. Kikiingia, kulabu hiyo imekwisha, wala hapana haja ya kubishana na msimamizi. Chuma kimejibu.

Yafaa tuseme na makosa yetu wenyewe. Wako kati yetu wanaonyosha kulabu kwa nyundo ili wasichelewe. Wako wanaoficha iliyopasuka kwa kuogopa kukatwa mshahara. Wako madereva wanaovuta kabla mfungaji hajatoka, na wafungaji wanaosimama ndani ya pembe ya waya uliopita kwenye kapi. Kapi likiachia, waya hunyoka mara moja na kufagia kila kilicho ndani ya pembe ile. Hatuwezi kudai kwa tajiri kile ambacho sisi kwa sisi hatukitunzi.

Sheria iko nasi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Katika kifungu cha 14 yasema mfanya kazi aliye na sababu ya kuamini kuwa pana hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwenye kazi asimlazimishe kurudi hapo hatari ikiwa ingalipo. Mdomo uliopanuka ni sababu ya kutosha. Lakini semeni kwa adabu, mbele ya shahidi, na mwandike tarehe.

Kwa hiyo Kamati yaomba mkutano huu upitishe mambo manne:

1. Kabla ya kununua kulabu za namna mpya, wafungaji wawili wapewe wazijaribu kwa juma moja, na maneno yao yaandikwe.

2. Kila kikosi kipewe kipimo cha chuma bapa, na kulabu zote zipimwe kila asubuhi kabla ya gogo la kwanza.

3. Kulabu iliyoharibika ikatwe vipande viwili siku ile ile mbele ya wafungaji, isije ikarudi kazini kwa mlango wa nyuma, na asikatwe mtu mshahara kwa kuileta.

4. Winchi isivute mpaka mfungaji mwenyewe ametoka na kutoa ishara kwa mkono wake.

Mambo haya hayana gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni wa chuma, bali ukuta ni mwili wa mtu. Ndugu yetu yuko hapa leo, amekaa safu ya mbele. Ametuambia hataki kuhurumiwa; ataka kulabu ile aliyofanyia kazi isipewe kijana mwingine. Tumeulizia habari zake. Ingali inatumika.

Bwana Mwenyekiti, tunaomba kura ipigwe.

Umoja ni nguvu.