Anayetoa Sampuli Ana Haki ya Chanjo

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma)



Tangu mwaka 1952 mataifa yalijenga mazoea ya kupeana virusi vya mafua. Nchi iliyopatwa na ugonjwa ilichukua sampuli kwa wagonjwa wake, ikazipeleka bure kwenye maabara zinazoshirikiana na Shirika la Afya Duniani, na huko wataalamu wakachagua virusi vya kutengenezea chanjo. Utaratibu huo ulisifiwa kuwa mfano bora wa ushirikiano wa walimwengu. Lakini kwa miaka mingi halikupewa uzito swali la nani atapata chanjo hiyo ikishatengenezwa, na kwa bei gani.

Waliolivalia njuga swali hilo ni Waindonesia. Nchi yao ilikuwa ikipoteza watu kwa mafua ya ndege tangu mwaka 2005, na ilikuwa ikipeleka sampuli kama ilivyotakiwa. Kisha ikatambua kwamba kampuni moja ya Australia imetengeneza chanjo kutokana na kirusi kilichotoka Indonesia, pasipo wenyewe kushauriwa, na kwamba wananchi wake wangesubiri foleni ya wanunuzi kama wageni wa jambo hilo. Mwanzoni mwa mwaka 2007 Waziri wa Afya, Bibi Siti Fadilah Supari, akatangaza hadharani kuwa sampuli hazitatoka tena. Kelele zilizopigwa Magharibi zilikuwa kubwa: eti anahatarisha dunia nzima. Hoja hiyo haikuwa ya uongo, maana kirusi kilichofichwa hakiwezi kuchunguzwa. Lakini miongoni mwa mataifa yaliyolalamika yalikuwamo yale yaliyokwisha kuwekeana mikataba na viwanda ili chanjo ya kwanza iwe yao. (Bibi Supari alihukumiwa kifungo mwaka 2017 kwa kosa la rushwa katika shauri jingine kabisa. Hoja yake ya mwaka 2007 inasimama kwa miguu yake yenyewe.)

Ubishi huo ulizaa matunda. Mwezi Mei mwaka 2011, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango ambao chini yake kampuni zinazonufaika na virusi hivyo huchangia fedha kila mwaka, na hutia saini ahadi ya kutenga sehemu ya chanjo, dawa au vifaa vyake wakati wa janga. Kilichokuwa sadaka kikawa deni. Mpango ulikuwa na upungufu mmoja tu, nao ulikuwa mkubwa: ulihusu mafua peke yake.

UVIKO-19 si mafua. Kwa hiyo ugonjwa huo ulipoenea mwaka 2020, dunia ilirudi pale pale. Mpango wa COVAX ulikusudia kugawa dozi bilioni 2 kabla ya mwisho wa mwaka 2021. Dozi ya bilioni 1 ilifika Januari 2022, wakati mataifa tajiri yalikuwa yakiwachanja watu wao mara ya tatu. Na Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walipoitangaza upesi na kwa uaminifu aina mpya ya kirusi iliyokuja kuitwa Omicron, nchi za kusini mwa Afrika zilifungiwa safari za ndege katika muda wa siku chache. Ofisa wa afya wa nchi changa aliyeyaona hayo alijifunza nini kuhusu faida ya kusema kweli mapema?

Kongo nayo ina habari yake. Mwaka 1995 mtu mmoja aliupona ugonjwa wa Ebola huko Kikwit. Kutokana na damu yake ilipatikana kinga iliyotengenezewa dawa, nayo ikajaribiwa kwa wagonjwa wa Kivu ya Kaskazini kuanzia mwaka 2018, Profesa Jean-Jacques Muyembe akiwa miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo. Dawa ikafaa. Damu ilikuwa ya Mkongo na wagonjwa walikuwa Wakongo; haki ya kuitengeneza na kuiuza ilikwenda kwa kampuni ya Marekani.

Tena siku hizi hata chupa ya sampuli si lazima isafiri. Januari 2020 wanasayansi wa China walipotangaza mpangilio wa vinasaba vya kirusi cha UVIKO-19, wataalamu wa Marekani walianza kubuni chanjo katika muda wa siku chache, pasipo kusubiri kirusi chenyewe kiwafikie. Silaha aliyoitumia Bibi Supari imekwisha makali. Nchi itakayodai haki juu ya sampuli ikasahau taarifa za vinasaba itakuwa imefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Ndiyo maana Mkataba wa Majanga uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 unastahili kusomwa kwa makini kuliko kushangiliwa. Unasema kampuni zitakazoshiriki zilenge kulipatia Shirika asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vinavyozalishwa wakati wa janga, nusu yake angalau ikiwa bure. Ni hatua. Lakini kanuni zenyewe za kugawana sampuli, vinasaba na manufaa ziliachwa kwenye nyongeza ya kujadiliwa baadaye, na iliamuliwa kwamba Mkataba usifunguliwe kutiwa saini kabla nyongeza hiyo haijapitishwa. Marekani, iliyotangaza Januari 2025 kujitoa katika Shirika, haikuwamo katika makubaliano hayo. Kampuni husema kwamba zikibanwa utafiti utakufa. Hazisemi kwa sauti hiyo hiyo ni fedha kiasi gani za umma zilizolipia utafiti huo.

Hata hivyo, lawama zote zisipelekwe ng'ambo. Mwaka 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kuipa afya asilimia 15 ya bajeti zao, na nyingi hazijapata kufika hapo. Bara linaloagiza karibu chanjo zake zote kutoka nje limejiwekea lengo la kutengeneza asilimia 60 ifikapo mwaka 2040. Lengo hilo halitimizwi na maazimio, bali na serikali za Afrika kukubali kununua chanjo ya Afrika hata itakapokuwa ghali kidogo mwanzoni.

Na kuna kazi isiyosubiri Geneva. Homa ya Marburg ilizuka mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Kila sampuli inayovuka mpaka kwa uchunguzi au utafiti huhitaji kibali, na kibali hutiwa saini na mtumishi wa umma. Mtumishi huyo anao wajibu wa kusoma kilichoandikwa juu ya saini yake: nani atakayeitunza sampuli, nani atakayemiliki vinasaba, na nini kitarudi Bukoba.