Karo Peke Yake Haitoshi
Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Halmashauri ya Mfuko wa Masomo katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutuma tuseme mbele yenu juu ya jambo moja ambalo mkutano huu utalikata leo. Hesabu za mwaka zimo katika kitabu hiki, nazo zimekwisha kaguliwa, hatutazirudia. Jambo lenyewe ni hili. Vijana tunaowasaidia wanasoma katika shule ya wavulana inayojitegemea, isiyopata ruzuku ya Serikali. Je, fedha za Mfuko ziendelee kulipa karo tu, au robo yake itengwe kwa ajili ya yale mengine ambayo mwanafunzi huyahitaji: vitabu vya kusoma zaidi ya vile vya darasani, safari za masomo, muziki, michezo ya kuigiza na vyombo vya sayansi? Halmashauri yaiomba robo hiyo.

Twajua kwamba baadhi ya wazee hawapendezwi na ombi hili, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wauliza: ikiwa kijana mmoja amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, yafaaje mwenzake alipiwe nauli ya kwenda Mombasa kuitazama Fort Jesus?

Swali hili la kiasi gani cha elimu kinamtosha mtoto wa maskini si geni katika nchi yetu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na maisha ya kijijini, yaani kilimo, usafi na kazi za mikono. Mwaka uliofuata ilianzishwa Jeanes School huko Kabete kwa shabaha hiyo. Hatusemi kwamba kazi za mikono ni kitu duni. Kila mmoja wetu hapa analala chini ya paa lililoezekwa na fundi. Lakini wazazi wengi waliona kwamba watoto wao wanapimiwa elimu kwa kibaba, na kibaba chenyewe hakijai. Wakikuyu waliotengana na misheni katika mgogoro wa mwaka 1929 walijenga shule zao wenyewe, na katika miaka ya 1930 wakaunda vyama viwili vya kuziongoza, KISA na Karing'a. Pamoja na mambo ya mila na ardhi, walidai watoto wafundishwe Kiingereza mapema, na masomo yawe kamili kama yale waliyopewa watoto wa watu wengine.

Shule hizo zilihitaji walimu. Mwezi wa Januari 1939 Peter Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani na Uingereza, alifungua chuo cha ualimu huko Githunguri, Kiambu. Chuo kile hakikujengwa kwa fedha za mfadhili mmoja tajiri. Watu walichanga kwa marika, kila rika likijitahidi lisipitwe na jingine, nao akina mama wakakusanya fedha za bweni la wasichana. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alijiunga na chuo hicho, na baadaye akawa mkuu wake. Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, haukupita muda serikali ya kikoloni ikakifunga chuo pamoja na shule huru nyingi, na michango ya miaka mingi ikawatoka watu mikononi.

Tumesimulia habari hizi, ambazo wazee wetu wanazijua kuliko sisi, kwa sababu moja. Watu wale walikuwa wakiuza kuku na mbuzi ili wachange. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema, "Mtoto akijua kusoma barua na kuhesabu fedha, yatosha," ni wao. Wao hawakusema hivyo. Walilipia elimu iliyozidi kile walichoambiwa kwamba kinawatosha.

Mfano wa pili uko Nairobi. Tarehe 14 Novemba 1959, siku za mwisho mwisho za Hali ya Hatari, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha Starehe kwa vibanda viwili vya mabati. Wavulana walioingizwa walikuwa watoto wa mitaani, na wengi vita vilikuwa vimewapotezea wazazi. Kwa watoto wa namna hiyo ingeonekana kwamba chakula, blanketi na mwalimu ni neema ya kutosha. Walakini Starehe ikawa na bendi yake, ikafundisha huduma ya kwanza, na ikawazoeza wavulana kwenda kutumika bila malipo wakati wa likizo. Jambo jingine lililotupendeza ni kwamba mwenye uwezo alitozwa karo, asiye na kitu akaingia bure, na wote wakavaa sare moja na kula meza moja. Shule yetu si Starehe, na Mfuko wetu ni mdogo sana tukiulinganisha na wafadhili waliopata kuisaidia shule ile. Tunachoiga ni ile nia ya kutomgawanya mtoto wa maskini nusu, tukamlipia kichwa kiingie darasani na kumwachia mengine yote ajitafutie.

Sasa tuje kwa vijana wetu wenyewe. Mmoja wao tulimlipia karo ya mihula mitatu, haikupungua hata shilingi. Katika muhula wa pili mwalimu wake alituandikia. Alisema kijana yule hana kasoro ya nidhamu na alama zake si mbaya, lakini wenzake walipokwenda mashindano ya sayansi alibaki bwenini, kwa kuwa fedha za safari hazimo katika karo. Walipoanza maigizo alisema hapendi maigizo. Hana bikari wala kipimapembe chake mwenyewe. Huazima, na kwa hivyo humaliza zoezi mwisho. "Hajaacha shule," mwalimu aliandika, "lakini ameacha kuinua mkono." Barua hiyo ilisomwa katika kikao cha Halmashauri, na ndiyo iliyozaa ombi hili.

Tena yafaa mkumbuke kwamba mpango wa masomo umebadilika. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na katika sekondari ya juu kuna njia tatu: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Zamani mtu aliweza kusema kwamba ngoma na mpira ni vya jioni baada ya kazi. Siku hizi kuna kijana ambaye hayo ndiyo masomo yake. Akikosa chombo cha muziki amekosa kitabu, na kijana wa sayansi asiyewahi kushika kifaa cha maabara hana alichosoma ila maneno.

Kuna waliouliza kwa nini tusiwapeleke wote katika shule za Serikali, maadamu tangu mwaka 2008 Serikali huzilipia shule za sekondari za umma gharama za masomo. Ni swali la haki. Wengi wa vijana wetu wako huko, nasi twafurahi. Lakini hawa tunaowazungumzia walipokelewa na shule hii wakati hawakuwa na pengine pa kwenda, na wengine ni yatima. Kumhamisha mtoto wa namna hiyo katikati ya masomo ili tuokoe fedha si jambo ambalo Halmashauri ingependa kulitia sahihi.

Juu ya namna ya kukusanya fedha, twasema wazi kwamba harambee ya siku moja imetuchosha. Hatuidharau, tangu Kenyatta alipolitangaza neno hilo mwaka 1963, shule ngapi zimesimama kwa nguvu zake! Jengo laweza kujengwa kwa harambee, kwa maana likisha kusimama halidai tena kila muhula. Mwanafunzi hudai Januari, hudai Mei, hudai tena Agosti. Katika harambee tunakodi hema na viti, tunapika, tunamsubiri mgeni wa heshima mpaka saa tisa, kisha ahadi nyingi zinabaki ahadi. Watu 300 wakitoa shilingi 100 kila mwezi, hizo ni shilingi 30,000 kwa mwezi na 360,000 kwa mwaka, bila hema na bila mgeni. Mwenye kutoa 50 apokelewe kwa heshima ile ile. Halmashauri yapendekeza mchango wa kila mwezi uwe ndio nguzo, na harambee ibaki kwa mambo ya majengo.

Twaomba pia desturi moja ikome. Majina ya vijana wanaosaidiwa yasisomwe hadharani, wala katika mkutano huu wala katika gwaride la shule. Tumewahi kuona kijana akisimamishwa mbele ya watu ili awashukuru waliomlipia, naye akiwa na umri wa miaka kumi na minne. Wakaguzi wa hesabu wataonyeshwa majina yote. Sisi wengine yatutosha kuonyeshwa idadi na kiasi cha fedha.

Mama zetu waliokaa upande ule wametuuliza, tena zaidi ya mara moja: na mabinti je? Wao ndio wanaotoa kwa utaratibu kuliko sisi wanaume, kama daftari la Mweka Hazina linavyoshuhudia, na fedha zao zinakwenda katika shule ya wavulana. Starehe yenyewe ilikaa miaka arobaini na sita kabla ya kituo cha wasichana kufunguliwa mwaka 2005. Sisi hatuoni sababu ya kungoja muda kama huo. Hatuwezi kuwaingiza wasichana katika shule isiyowapokea, lakini Mfuko waweza kuwa na daftari la pili, lenye fungu lake na wasimamizi wake, na twapendekeza walio wengi kati ya wasimamizi hao wawe akina mama. Jambo hili litapigiwa kura peke yake, ili mtu asije akalikataa kwa sababu ya lile la robo.

Bwana Mwenyekiti, kura zitakuwa mbili, nazo zitapigwa kwa kuinua mikono kabla ya chai. Ikiwa robo itakubaliwa, Mwalimu Mkuu atatuletea orodha ya mahitaji mwanzoni mwa kila muhula, na hapana shilingi itakayotoka bila sahihi za watu watatu. Daftari la michango ya kila mwezi liko mezani karibu na mlango. Mweka Hazina amekaa hapo na kitabu cha risiti, na atakayetoa leo apewe risiti yake papo hapo kabla hajatoka.