Ajipange kwa saa zipi?

Ndugu msikilizaji, kuna neno moja ambalo sisi watu wazima tumeligeuza kuwa dawa ya kila ugonjwa wa vijana walioko vyuoni. Neno hilo ni "jipange". Mwanafunzi akipata sapu, ajipange. Bumu likiisha kabla ya siku zake, ajipange. Akisinzia kwenye muhadhara, naye ajipange. Nami nimelitumia sana neno hilo, hadi mpwa wangu aliponinyamazisha.

Mpwa wangu huyu anasoma mwaka wa pili pale Mlimani, Dar es Salaam, na kwa kuwa hakupata chumba bwenini anakaa kwa shangazi yake, Gongo la Mboto. Jumapili moja alikuja kunisalimu, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akanieleza kwamba katika somo moja amepata 13 kati ya alama 40 za kazi za muhula. Nikafungua kinywa kutoa ile dawa yangu. Akasema, "Sawa mjomba, nitajipanga. Lakini kwanza nisaidie kuhesabu." Tukachukua karatasi.

Wiki ina saa 168. Akilala saa saba kila usiku zinakwenda 49, zinabaki 119. Sasa masomo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 30 unapata saa 40 kwa wiki, na humo muhadhara ni sehemu tu. Nyingine ni za maktaba, semina na kuandika. Wengi, wakiwamo wanafunzi wenyewe, huhesabu muhadhara peke yake, wakaona wana nafasi tele. Kosa huanzia hapo.

Zikabaki 79. Daladala ni saa mbili kwenda na mbili kurudi, siku tano: 20. Kupika, kuosha vyombo, kufua, kuchota maji yanapokatika, kuwaogesha watoto wa shangazi: alisema saa nne kwa siku, nami niliyekulia katika nyumba ya namna hiyo sikubisha. Hizo ni 28. Zikabaki 31, yaani saa nne na ushei kwa siku, za kula, kuoga, kusali, kuugua, kusuka nywele na kusimama foleni ya kutoa nakala.

Kwa hiyo saa zipo, ila ni chache na zimekatika vipande vipande. Nikamwuliza, "Na muhadhara ukiisha saa nne, mwingine uko saa nane, hapo katikati unafanya nini?" Akacheka kwa haya. Kumbe hukaa vimbwetani na wenzake wakizungumza, madesa yamo mkobani, kwa imani kwamba atayasoma usiku. Na usiku, ndugu msikilizaji, ni mali ya shangazi.

Basi tukaamua kwamba desa lisipande daladala. Atoke nyumbani alfajiri kabla ya foleni ya magari, awe chuoni saa moja, aondoke saa kumi jioni, na kila pengo baina ya mihadhara liwe la kusoma, kama mtu aliyeajiriwa. Kwa siku tano hizo ni saa 45. Akitoa za kula na za soga, maana soga nayo ni haki ya mwanafunzi, zile 40 zinakaribia kutimia palepale.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi. Karatasi ya mpango wa somo, ambayo mwalimu huigawa mwanzoni mwa muhula, ina tarehe za majaribio yote. Akazinakili kwenye kalenda ya ukutani, akazungushia wino mwekundu wiki tatu zenye kazi nyingi, akaitundika jikoni kwa shangazi. Shangazi si mkatili, la hasha. Alikuwa hajui. Alimwona binti ameketi na karatasi, na binti aliyeketi hutumwa. Siku hizi wiki za wino mwekundu vyombo huoshwa na binamu yake wa kiume, na habari nilizonazo ni kwamba hajafa.

Nilimwongezea moja kutoka kwangu. Nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, nilikuwa nikifanya kazi ya usiku redioni. Ubaoni lilibandikwa tangazo la mtihani, nami kwa haraka nikaandika daftarini: "Jumatano, 8". Jumatano hiyo nilifika saa saba na nusu mchana, shati limenyooshwa, nikawakuta wenzangu mgahawani wakibishana juu ya majibu. Ile 8 ya ubaoni ilikuwa ya Kizungu, yaani saa mbili asubuhi. Ya kichwani mwangu ilikuwa saa nane mchana. Nilirudia somo hilo mwaka uliofuata, na mama yangu, aliyekuwa akiuza vitumbua, akalipa ada yake mara ya pili. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu hapo saa naiandika kwa maneno.

Mpwa wangu alikwenda kuiangalia kalenda yake, akakuta tarakimu tupu, akazisahihisha zote. Ili afaulu somo lile kwa alama 40, anahitaji 27 kati ya 60 za mtihani wa mwisho. Mtihani ni Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi. Nimemwahidi kumpigia simu saa kumi alfajiri, naye amenijibu kwamba shangazi ameshajiandikisha kwa kazi hiyo.