Safari ya Kwenda Kuona Mavuno ya Mpunga
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kiberege)



Huko Ufaransa watu husafiri mwezi wa Septemba ili kuyatazama mavuno ya zabibu, na katika nchi yetu Dodoma hulivuna tunda hilo mara mbili kwa mwaka. Sisi, tulipopata likizo mwezi Juni, hatukwenda mbali hivyo. Tulitoka hapa Kiberege, tukapita Ifakara, tukavuka daraja la Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018, tukashukia mbugani penye mavuno ya mpunga. Mzee mmoja akatuuliza kama tumekuja kutazama au kununua. Tulipojibu kuwa tumekuja kutazama, alicheka sana, akatupa mundu.

Karani aliyezoea kiti hudhani ya kuwa kuvuna ni kukata tu. Sivyo. Nyumba za wakulima wengi zi mbali na mashamba, hivyo jamaa nzima huhamia mbugani na kulala dunguni, maana kweleakwelea hushuka alfajiri, na nguruwe-mwitu huingia usiku. Mpunga ukiisha kukatwa hupigwa kwa fimbo juu ya turubai, kisha hupepetwa kwa ungo. Wali wa supa mpya kwa kambale wa mtoni hauna mfano wake; twawaomba radhi ndugu zetu wa Kyela.

Lakini yako mambo ambayo mpita njia hayaoni. Mkulima aliyeishiwa ameuza mpunga wake tangu ungali kijani, apate fedha ya chakula na ya palizi. Naye aliyengoja huuza siku zile zile bei imekwisha kuanguka, kwa kuwa wote huvuna pamoja. Tena gunia huvikwa kilemba, ndiyo lumbesa, na hali sheria ya vipimo hairuhusu kufungasha zaidi ya kilo 100.

Na wanunuzi hao ni nani? Mabwana, wamo wenye mshahara kama sisi. Mtu hupeleka fedha Machi, hupokea magunia Julai, huuza Januari. Hatusemi mtumishi asifanye biashara. Twasema anunue kwa mizani, si kwa ndoo. Na fedha ya Machi irudishwe kwa fedha, isirudishwe kwa mpunga wa nusu bei.

Mizani ya chama ipo. Mwanachama atakayekwenda mbugani msimu ujao na aiombe kwa Katibu kabla ya mwisho wa Mei.